Nilivyojifunza gitaa kwa kopo la mafuta na fimbo ya kupuria maharage, miaka ile ya Benaco

Wakuu, nawasalimu wote, wapiga muziki na nyie mnaopita kuchungulia tu.

Kuna kijana kaanzisha uzi hapo juu, analia. Ana gitaa jipya, ana simu yenye video za kufundishia, ana mpaka kiti cha kukalia. Lakini chord ya F imemshinda, vidole vinamuuma, anataka kuuza gitaa. Na nyie mmejipanga kumpa pole.

Mimi pole sina. Nina kisa.

Kisa chenyewe ni cha kweli tupu, kimenitokea mimi, kwa vidole hivi hivi vinavyobonyeza simu sasa. Nikiongeza chumvi, wapo watu wa Ngara humu ndani watanisuta mchana kweupe. Kaeni mkao wa kula, ni kirefu kidogo.

Kwanza niwaambie, mimi ni mwanamke. Humu mmezoea kuniita kaka na sikuwahi kuwasahihisha, maana ilinifurahisha.

Kwetu ni Mbuba, wilaya ya Ngara, Mhangaza wa kuzaliwa. Wakati ninaousimulia ni ile miaka ya wakimbizi wa Rwanda. Kambi ya Benaco imejaa watu, vilima vizima vimefunikwa maturubai, huoni hata nyasi. Aliyekuwepo anajua. Asiyekuwepo hata nikimweleza mpaka kesho hapati picha.

Nilikuwa binti, nimemaliza la saba, nipo nyumbani nalima na mama. Jioni naimba kwaya kanisani kwetu, sauti ya pili.

Kwaya ilikuwa na gitaa moja la kweli, la mbao, mali ya kanisa. Mpigaji wake aliitwa Filimoni. Huyo Filimoni alikuwa anajisikia, acheni kabisa. Msichana ukilisogelea gitaa tu, anakuuliza kama umenawa mikono.

Sasa mashirika yalivyoingia na magari yao wakawa wanatafuta madereva, na Filimoni alikuwa na leseni. Alhamisi yupo mazoezini, Jumapili hayupo. Hakuaga mtu.

Na mbele yetu kulikuwa na mkutano mkubwa wa kwaya kule Biharamulo. Ndio ulikuwa ndoto yetu sote. Wengine tulikuwa hatujawahi hata kufika huko.

Mwalimu wetu wa kwaya, Mwalimu Zakaria, akatukusanya. Alikuwa mtu mrefu, mkali, asiyecheka ovyo, na alitamka "gitala" kama wazee wengi wa kwetu.

Akasema, "Wazee wa kanisa wameamua. Tusipopata mpigaji kabla ya mkutano, gitala linapelekwa kwa kwaya nyingine yenye mtu wa kulipiga. Na sisi Biharamulo hatuendi. Siwezi kuwapeleka watu wangu wakajiaibishe."

Wanaume wote wakaangalia miguu yao.

Hapo mdomo wangu ukatangulia. "Nitapiga mimi."

Wakuu, walicheka! Sauti ya kwanza walicheka, besi walicheka, mpaka wale wa sauti yangu ya pili nao wakacheka. Na kweli nilikuwa sijawahi kugusa hata uzi mmoja wa gitaa. Lakini kile kicheko kilinichoma mpaka kwenye mifupa. Ndivyo nilivyo mpaka leo, ukitaka nifanye kitu, nicheke.

Mwalimu peke yake hakucheka. Akaniuliza, "Yasinta, unajua kupiga?"

"Nitajua, Mwalimu."

"Basi ukijua ndipo utalishika."

Gitaa likaenda kufungiwa nyumbani kwake, ndani ya mfuko wake wa kitenge. Sasa nisaidieni hapo, unajifunzaje gitaa bila gitaa?

Nikaanza kutembea na mpini wa jembe kama kichaa.

Miaka ile wanawake wa kambini walikuwa wanatoka asubuhi kuja vijijini kutafuta kibarua. Unampa jembe, analima, jioni anaondoka na ndizi au viazi, kwa sababu mahindi ya msaada yalikuwa yamewachosha. Kwetu alikuwa anakuja dada mmoja anaitwa Speransi, Mnyarwanda. Mwembamba, mkimya, na analima kwa kasi kuliko mimi na mama tukijumlishwa.

Kihangaza chetu na Kinyarwanda chake vinasikilizana, kwa hiyo lugha haikuwa shida. Shida ni kwamba alikuwa haongei.

Siku moja tunapalilia, mimi nimesimama katikati ya migomba naimba ule wimbo tuliotaka kuupeleka Biharamulo, mkono wa kushoto nimeuzungushia mpini wa jembe, najifanya napiga. Dada Speransi akaacha kulima. Akanitazama. Akaja mpaka nilipo, akanishika vidole, akavipanga kwenye mpini kimoja kimoja, bila haraka.

"Hiyo ndiyo C," akasema. "Ile uliyokuwa unafanya ni kukamua ng'ombe."

Mama alicheka mpaka akakaa chini.

Kumbe kwao alikuwa mpiga gitaa wa kanisani! Yeye na kaka yake. Walikuwa wanapiga wawili, kaka anashika mdundo, yeye anapita juu na zile nyuzi nyembamba. Kaka hakufika Benaco, alipotelea njiani. Alilisema hilo mara moja tu, ameinama anang'oa magugu, na sikuuliza zaidi. Nanyi msiniulize kwenye comment.

Nikamwomba anifundishe. Akakubali, ila akaweka wazi kwamba yeye mwenyewe hatashika gitaa. Ameshaacha.

Mnanijua nilivyo king'ang'anizi. "Hata siku moja tu, dada?"

"Sishiki."

"Hata nikikuletea lile la kanisa, la mbao?"

Akapalilia hatua mbili tatu. Kisha akasema, "Siku utakayopiga wimbo mzima mbele za watu bila mkono wako kusimama, niletee. Nitalishika."

Alisema kwa namna ya kunifukuza, kama unavyomwahidi mtoto pipi ya kesho ili aache kulia. Mimi nikaichukua kama ahadi. Tangu hapo haikuwa tena habari ya Biharamulo peke yake. Nilitaka kumwona yule dada ameshika gitaa.

Baada ya siku chache akaja na kitu amekifunga kwenye kitenge. Gitaa la kopo.

Mliokuwepo mnayakumbuka yale makopo makubwa ya mafuta ya kupikia ya msaada. Kambini hakuna kopo lililotupwa. Waliyageuza milango, wakayageuza vibatari, na alikuwepo fundi mmoja aliyeyageuza magitaa. Kopo ndilo tumbo, ubao ndio shingo, spoku za baiskeli ndizo vile vyuma vya kukatisha kwenye shingo. Na nyuzi? Waya wa breki ya baiskeli, umefumuliwa. Mama alimpelekea fundi mkungu wa ndizi, akaridhika.

Ewe kijana mwenye vidole vinavyouma, umewahi kubonyeza waya wa breki? Ule si uzi, ni msumeno. Vidole vyangu vilichanika, na kwetu chakula ni ndizi, na ndizi lazima imenywe, na utomvu wa ndizi mbichi ukiingia kwenye mchaniko utaimba nyimbo zote za kitabuni. Mama ikabidi awe anamenya yeye, huku anasonya.

"Binti wa watu anajichana vidole kwa ajili ya kopo," anasema. Lakini jioni namkuta ameniwekea samli ya kupaka.

Dada Speransi alinianzishia C na A minor. Na hapa beginner wote sikilizeni, hii ni dawa. Ukiwa kwenye C ukataka kwenda A minor, vidole viwili vinabaki nyumbani, kimoja tu ndicho kinatembea. Yeye alinikataza kabisa kuinua vidole vyote. "Kwa nini unawahamisha watu ambao hawajaambiwa wahame?" anasema.

Alisema hivyo na uso mkavu. Sikujua kama nicheke.

Nilibadilisha C na A minor mpaka kuku wetu wakazoea. Ikaja G, hiyo inabidi vidole vyote viondoke kwa pamoja, siyo kimoja kimoja kama kuku anayedonoa. Ikaja F.

F niliichukia, wakuu. Kidole cha shahada kinalala juu ya nyuzi mbili, vingine vinajikunja huku. Kwenye lile kopo ilikuwa inatoa sauti ya mtu anayekwangua ukoko wa ugali. Dada Speransi anakaa mbele yangu na viazi vyake, ananisikiliza, anatikisa kichwa. Hakugusa nyuzi hata mara moja. Alikuwa ananipanga vidole, kisha anarudisha mikono yake kwenye mapaja haraka.

Lakini F haikuwa adui yangu mkubwa. Adui alikuwa mkono wa kulia.

Nyie mnaojifunza mnaijua hii. Napiga C vizuri, wakati wa kubadili umefika, mkono wa kushoto unatafuta F, na huu wa kulia nao unasimama kumsubiri mwenzake. Nimeipata F, naendelea. Inakuja G, nasimama tena. Wimbo unatembea kama mtu mwenye mwiba mguuni.

"Ntuhagarare!" dada Speransi anafoka. Maana yake usisimame. "Wa kulia hausubiri!"

"Sasa nitapiga nini wakati chord haijafika?"

"Piga hicho hicho ulichonacho! Watu wanacheza kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ukichelewa utawakuta njiani."

Kwa maneno nilielewa. Kwa mkono, wapi. Nilijaribu mpaka nikatamani kulipiga lile kopo teke. Na mkutano unakaribia. Nililia siku moja nyuma ya jiko, mama akanisikia akajifanya hajasikia.

Mpaka tukaanza kupura maharage.

Kwa wasiojua, maharage yakikauka unayang'oa na miti yake, unayatandaza uani, watu wanasimama wakiangaliana, kila mmoja na fimbo ndefu. Mnapiga kwa zamu. Tulikuwa watatu, mama, dada Speransi na mimi. Fimbo ya mama inashuka, ya dada Speransi inashuka, yangu inashuka, mama tena. Pu, pa, pa. Pu, pa, pa. Kwetu mtoto anajua hilo kabla hajajua kuandika. Hakuna anayehesabu, mwili wenyewe unajua.

Tumepura mpaka jasho linatoka, dada Speransi akapaza sauti bila kuacha, "Yasinta! Fimbo ya mama yako ikiwa chini, mkono wako uko wapi?"

"Juu!"

"Nani kauambia upande?"

"Hakuna!"

"Na ukisimama?"

"Nitagonga fimbo yenu!"

"Umesimama?"

Nikautazama mkono wangu, wakuu. Fimbo yangu ilikuwa inapanda na kushuka, na mimi nimeachama mdomo. Mkono wangu ulikuwa haujasimama tangu asubuhi! Kugusa maharage ulikuwa unagusa mara moja katika tatu, zamu nyingine unapita hewani, lakini muda wote unatembea.

Strumming yote ndiyo hiyo. Hakuna siri nyingine. Mkono unashuka na kupanda muda wote, mara unagusa nyuzi, mara unapita hewani. Chord ikichelewa unapita hewani. Ikifika unagusa.

Nikatupa fimbo nikakimbilia kopo langu. Mama akapiga kelele maharage hayajaisha. Nikakaa kwenye kinu, wao wawili wakaendelea kupura, mimi nikajaza zamu yangu kwa nyuzi. C, A minor, F, G. F ikachelewa, mkono ukapita. Ikachelewa tena, ukapita tena. Mzunguko uliofuata ikafika kwa wakati, inalia kama F ya watu!

Nilipiga kelele majirani wakatoka. Walidhani nyoka.

Basi nikaenda kwa Mwalimu Zakaria kifua mbele. Mbele ya kwaya nzima akanitolea gitaa la kweli kutoka kwenye mfuko. Nikalipakata, nikaweka C, nikapiga.

Aibu, wakuu. Lilitoka mlio wa paka kakanyagwa.

Kumbe vidole vyangu vimefundishwa na waya wa breki! Nyuzi za kweli ni laini, mimi nazibonyeza kwa nguvu za kung'oa muhogo, zinajipinda, sauti inapanda. Kwaya wakaanza kuimba wakapotea kabisa, besi huku, soprano kule.

"Yasinta," Mwalimu akasema taratibu, "unamnyonga nani?"

Walicheka tena. Safari hii nilicheka na mimi, kwa sababu nilisikia kitu ambacho wao hawakusikia. Chord zilikuwa sahihi. Nilichotakiwa ni kupunguza nguvu tu. Nikalegeza vidole, nikagusa kama unavyogusa uso wa mtoto aliyelala. Ikalia C. Ikaja A minor. Ikaja F.

Kicheko kikakata.

Ila Mwalimu akakunja uso. "Huo mdundo umeutoa wapi? Hapa ni kanisani, siyo uani kwa mama yako. Piga wa Filimoni." Wa Filimoni ulikuwa chini, chini, chini, chini, umenyooka kama askari wa gwaride. Nikatii. Simlaumu, Mwalimu aliogopa aibu ya Biharamulo kuliko hata mimi. Nikajifunza huo ulionyooka, wazee wakakubali twende. Ila gitaa akasema atalibeba yeye mpaka siku yenyewe.

Dada Speransi nikamweleza kila kitu. Akaniuliza tutarudi lini. Nikamwambia Jumatatu. "Nitakuwa sokoni Benaco, upande wa barabara," akasema, akainama akaendelea kulima.

Tulisafiri na lori la Mzee Abdala, mfanyabiashara wa Ngara mjini, mababu zake walitokea pwani. Mchana tu, tena kwa msafara na magari mengine, maana kule msituni majambazi walikuwa wanateka magari. Mimi napanda na kopo langu ili njiani nifanye mazoezi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti. Na hayo mafuta unampelekea nani Biharamulo?"

"Ni gitaa, mzee."

Akalitazama kopo, akanitazama mimi. "Haya. Ya Mungu mengi."

Biharamulo watu walikuwa wamejaa uwanja mzima. Kabla yetu iliimba kwaya kutoka Nyabusozi, sare mpya, magitaa matatu, wapigaji wamepishana vizuri, wanaume watupu. Watu walishangilia mpaka nikaanza kupitia chord zangu upya hewani.

Tukaitwa. Nikatoka na gitaa. Nikamsikia mtu mbele pale akiuliza, "Huyo binti anamshikia nani?"

Mwalimu akainua mkono. Nikaanza. Chini, chini, chini, chini. Beti la kwanza likaenda, salama, limenyooka, limepoa. Watu wanatutazama kama wanasikiliza matangazo ya mazishi.

Beti la pili F ikaja. Kidole kimejaa jasho, kikateleza. Haikulia kitu.

Na hapo, wakuu, ndipo mkono wa kulia ulitakiwa usimame. Nilisikia kabisa unataka kusimama. Lakini mwili wangu ulikuwa unajua kitu kimoja tu cha kufanya bila kusimama, na si gwaride la Filimoni.

Pu, pa, pa. Pu, pa, pa.

Mwalimu akatoa macho. Kwa chini, watu wasione, akawa ananipungia kiganja, acha, acha! Nilimwona. Sikutii. Ningeacha, mkono ungesimama.

Kwaya ikayumba mstari mmoja. Halafu nikasikia nyuma yangu wanawake wetu. Hao wote ni wapuraji! Hakuna hata mmoja aliyehitaji kuambiwa. Mabega yakaingia, sauti zikakaa, wimbo ule ule wa siku zote ukapata miguu. Na mbele pale bibi mmoja mzee, wala simjui ni Msubi au Mzinza, akainuka na mkongojo wake akaanza kugonga chini kwenye zamu yangu ya hewani. Pale pale panapotakiwa! Mwenzake akainuka. Wakainuka safu nzima. Vigelegele vikapasuka.

F ilikuja? Mara ikaja, mara haikuja. Hakuna aliyeuliza. Tulirudia beti la mwisho mpaka sauti zikakauka, na nilipotupa jicho kwa Mwalimu Zakaria, mkono wake nao ulikuwa unapura.

Wapigaji wa Nyabusozi walikuja wenyewe kuniuliza ule mdundo nimeutoa wapi. Nikawaambia, kwenye maharage. Wakadhani nawatania.

Mwalimu akaja mwisho. Akanipa ule mfuko wa kitenge. "Libebe wewe," akasema. "Ni lako kulipiga." Nililala nimelikumbatia.

Jumatatu tunarudi, nikamwomba Mzee Abdala asimame Benaco.

"Pale? Na watu wote wale? Hatusimami, binti, nataka nifike Ngara jua lipo."

"Mzee, nimeahidi."

Mwalimu Zakaria, niliyekuwa nimemsimulia yote njiani, akaingilia kati, "Mzee, simama. Kuna mtu anatudai wimbo."

"Wimbo mmoja," akasema Mzee Abdala. "Mmoja!"

Alikuwepo. Amesimama pembeni ya wauza mihogo, mikono ameifunga kifuani, kama mtu aliyekuja kwa shughuli zake nyingine. Tukashuka, tukajipanga hapo hapo vumbini. Watu wakajaa kufumba na kufumbua. Nikapiga wimbo wote, mdundo wa maharage, kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Yeye hatazami uso wangu, anatazama mkono wa kulia tu.

Tulipomaliza akauliza, "Na kule? Haukusimama?"

Kabla sijafungua mdomo, Mwalimu akajibu. "Haukusimama, dada. Mimi mwenyewe nilimwambia asimame, akanikatalia mbele ya watu."

Dada Speransi akacheka. Ndiyo mara ya kwanza kumsikia akicheka. Nikamnyooshea gitaa.

Akafuta mikono kwenye kitenge chake, upande huu, upande ule, tena na tena. Nikadhani atakataa. Kisha akalipokea. Akakaza uzi mmoja ambao sisi wote tulikuwa tunauona uko sawa, na kweli ukawa sawa zaidi. Akaweka vidole. Akangoja.

"Kopo lako liko wapi?"

Nikakimbia kwenye lori nikalichukua. Akaniwekea sauti yeye mwenyewe, likafanana na la kanisa. "Wewe piga maharage," akasema.

Nikaanza. Pu, pa, pa. Na yeye akaingia juu yangu, nyuzi nyembamba, nyepesi, zinakimbia na kurudi, vidole ambavyo havikugusa gitaa tangu avuke mpaka. Wauza mihogo wakaacha kuuza. Nikawa nawaza tu, mama yangu, kumbe nilikuwa nafundishwa na mtu wa namna hii!

Nilikuwa katikati ya wimbo ndipo nilipoelewa nimesimama mahali pa nani. Mdundo ulikuwa wa kaka yake. Walikuwa wanapiga wawili.

Machozi yakanijaa, sioni nyuzi, sioni vidole, mkono wa kulia ukaanza kulegea.

"Ntuhagarare," akasema, bila kunitazama. Na yeye alikuwa analia.

Sikusimama.

Tulipiga wimbo huo na mwingine na mwingine. Watu wa kambini walicheza mpaka vumbi likatufunika. Mzee Abdala aliyesema mmoja, alizima injini akakaa kwenye bampa anapiga makofi, na Ngara tuliingia taa zimeshawashwa.

Baada ya hapo dada Speransi alikuwa akija kwetu kulima, jioni tunapiga wawili, mpaka wakati wao wa kurudi ulipofika. Siku ya kuagana nilitaka kumpa gitaa la kanisa, akalikataa, akaomba lile la kopo. Akaondoka nalo mgongoni, amelifunga kama mtoto.

Mimi gitaa la kanisa nililipiga miaka mingi, na wasichana niliowafundisha wanalipiga mpaka leo. Wote nawafundisha na fimbo kwanza.

Kijana, somo ni hilo. Usiuze gitaa. F itachelewa, iache ichelewe, wewe mkono wa kulia usisimame. Ukiona huwezi, njoo Mbuba msimu wa maharage, tutakupa fimbo na chakula utakula.

Wakongwe wa gitaa humu, nanyi semeni mkono wenu wa kulia ulifunguliwa na nini. Na watoto wangu wanasema mama anatunga, ati lori haliwezi kusimama Benaco kwa ajili ya wimbo. Kama kuna yeyote humu alikuwepo pale barabarani jioni ile, akawaona wanawake wawili, mmoja na gitaa na mwingine na kopo, naomba aandike hapo chini niwaonyeshe.